Moshi wa Ndama Uko Jikoni

Uchafuzi wa hewa ukitajwa, wengi huwaza viwanda na foleni za magari za Dar es Salaam. Ndama, wilayani Karagwe, moshi unaotudhuru zaidi unatoka chini ya sufuria ya maharage, na hautuogofyi kwa sababu tumezaliwa tukaukuta.

Tazama jiko la kawaida la kijijini, Karagwe hata Kyerwa: kibanda cha miti na udongo nyuma ya nyumba, mafiga matatu, paa lililoganda masizi, kidirisha kimoja au hakuna kabisa. Maharage makavu yanatokota saa mbili, hata tatu. Masika kuni zimelowa, zinafuka badala ya kuwaka. Mama anainama kupuliza huku machozi yakimtoka, na mtoto aliye mgongoni anavuta hewa ile ile. Chembechembe za moshi huo ni ndogo mno, zinapita kooni na kutua ndani kabisa ya mapafu. Kwa mtoto huleta nimonia. Kwa mama, miaka ikipita, kifua kisichopona, mtoto wa jicho, maradhi ya moyo na kiharusi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka mitano. Wazee husema moshi hulinda paa dhidi ya wadudu. Ni kweli kwa paa la nyasi, ila siku hizi tunaezeka bati.

Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia: ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi. Naunga mkono kwa moyo wote. Shaka yangu ni pale mtungi wa gesi unapofanywa jibu pekee. Hata ukitolewa kwa ruzuku, kuujaza upya kunadai fedha taslimu, na mkulima wa kahawa hushika fedha msimu wa mavuno. Miezi mingine anategemea kuni za shambani kwake. Ndipo gesi inapochemsha chai, maharage yakarudi mafigani.

Basi tuanzie kwenye maharage. Kuyaloweka usiku kucha hupunguza muda wa kuyachemsha, na hakuna gharama. Kuni zipasuliwe na kuanikwa mapema, kabla ya mvua. Jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi nje linajengwa kwa udongo na matofali yaliyopo hapa hapa. Mwenye ng'ombe wa zizini ana samadi ya kutosha biogesi. Shirika la MAVUNO, la hapa Karagwe, lilikwisha kushirikiana na wahandisi wa Kijerumani kujaribu mtambo unaotumia hata vigogo vya migomba. Palipo na umeme, jiko la presha la umeme huivisha maharage kwa chini ya uniti moja.

Kinachokosekana ni mtaji na mafundi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Waheshimiwa madiwani wa Karagwe na Kyerwa, vikundi vinavyojenga majiko banifu na kufunga mabomba ya moshi vipewe nafasi ya kwanza katika mikopo hiyo.