Kabla hujafunga geji saba kwenye Land Cruiser

Leo tuweke kompyuta kando kidogo, au niseme tuipeleke ndani ya gari. Kila nikiwa Garissa jamaa wenye Land Cruiser huniuliza swali lile lile: geji gani za kuongeza kwenye dashibodi? Wengi wameona mtandaoni picha za magari ya Dubai yenye geji saba zimepangwa kama za ndege. Jibu langu ni fupi na huwa haliwafurahishi: mbili tu, moja ya joto na moja ya presha ya oili, na zote ziwe na king'ora.

Tuanze na joto. Geji iliyokuja na gari haikwambii ukweli wote. Si mbovu, imetengenezwa hivyo makusudi. Kwenye Toyota nyingi mshale hupanda hadi katikati injini ikishapata moto, halafu hukaa papo hapo hata joto likipanda au kushuka nyuzi kadhaa, ili mwenye gari asibabaike kila anapopanda mlima. Wapenzi wa Land Cruiser 80 wanalijua hili miaka mingi, na wengine hufungua geji na kuchezea rezista ili mshale useme kweli. Siwalaumu Toyota sana, maana sisi waandishi wa programu tunafanya mambo hayo hayo: tunalainisha namba ili mtumiaji asiogope. Kwa mtu wa Westlands haina neno. Lakini kama uko kati ya Modogashe na Habaswein saa nane mchana, mshale ukianza kuondoka katikati umeshachelewa, na gasketi ya hedi haina subira.

Na kukwama huku si kama kukwama Thika Road. Mtandao wa simu hupotea, maji ni yale uliyobeba, na kwenye njia za mpakani kama ile ya Dadaab kwenda Liboi usalama ni jambo la kufikiriwa kabla ya kuwasha gari. Kwa hiyo ninapozungumzia geji sizungumzii urembo.

Sasa kwa nini king'ora? Kwa sababu hakuna dereva anayetazama geji saa tano mfululizo. Macho yako barabarani, kwenye ngamia, kwenye mashimo, kwenye laga ambayo jana ilikuwa kavu. Nimeona maofisini skrini kubwa ukutani zimejaa grafu za seva, na seva ikianguka mtu wa kwanza kujua ni mteja. Geji saba ni hizo grafu. Unachohitaji ni kitu kinachopiga kelele joto likipita kiwango ulichokiweka, hata kama unabishana na abiria.

Kuna mtego mmoja ambao wauzaji hawautaji. Sensa ya kawaida ya joto hukaa ndani ya maji ya rejeta. Paipu ikipasuka na maji yote yakatoka, sensa hubaki hewani, na inaweza kusoma joto la chini wakati chuma kinaungua. Wenzangu wa kodi wataelewa: kukosa data siyo sifuri. Ndiyo maana mimi napendelea sensa inayofungwa kwa bolti kwenye chuma cha silinda hedi, aina inayopendwa na watu wa Australia wanaovuka majangwa yao. Chuma hakimwagiki. Na kama fundi wako alitoa thamostati "ili gari lisichemke" (dawa ya kila gereji, jamani!), mwambie airudishe kwanza. Bila hiyo namba zako zitakuwa zinapanda na kushuka ovyo, hutajua ipi ni ya kawaida.

Geji ya presha ya oili inataka umakini zaidi wakati wa kufunga. Kataa kabisa ile ya zamani inayoleta oili yenyewe hadi ndani ya gari kwa kijipaipu chembamba. Kikikatika, oili ya moto inamwagika miguuni mwako. Chukua ya umeme. Halafu angalia uzi wa sensa. Injini za Toyota hutumia uzi wa Kiingereza wa BSPT, na geji nyingi za sokoni zinakuja na NPT ya Kimarekani. Kwa saizi ya 1/8 moja ina nyuzi 28 kwa inchi na nyingine 27. Zinafanana kiasi cha kumdanganya fundi, ataikaza kwa nguvu, itashika, na itavuja safarini. Nunua adapta yake. Pia usiining'inize sensa nzito kwenye kiungo cha shaba juu ya injini, maana barabara yenye mawimbi kama mabati itaivunja shingo na oili yote itaishia mchangani. Tumia hozi fupi, sensa uifunge kwenye bodi. Taa nyekundu ya oili ya kiwandani iache ifanye kazi yake.

Umeme sasa. Toa waya wa hasi wa betri kabla ya kugusa chochote. Waya wa geji upate fyuzi yake ndogo, ampea 3 au 5, na ikae karibu na unapochukulia umeme, siyo upande wa geji. Waya usio na fyuzi ukichubuka ni moto ndani ya gari. Unapopita kwenye ukuta wa chuma wa injini uvishe mpira kwenye tundu. Usizungushe tepu nyeupe ya mafundi bomba nyingi kwenye uzi wa sensa ya waya mmoja, kwa sababu inapata negativu kupitia injini na tepu inaikatia. Wenye malori, na baadhi ya Land Cruiser za Japani, hakikisheni kama mfumo ni volti 24 kabla ya kuchomeka geji ya volti 12.

Mtu ataniuliza, si kuna vile vidubwana vya Bluetooth vinavyosomwa kwa simu? Vipo, na kwa Prado mpya vinafaa kuchunguza hitilafu gereji. Lakini Land Cruiser yenye injini ya 1HZ haina kompyuta ya injini ya kusomwa. Isitoshe, Apple wenyewe wanasema iPhone itumike kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35, na Garissa hiyo ni hali ya kawaida mwezi wa Machi, kabla hujaiweka kwenye kioo juani.

Ukishafunga, wiki ya kwanza andika namba kwenye daftari: injini ikiwa baridi asubuhi, ikiwa moto na imesimama, ikivuta mzigo kwenye mchanga, na ikipanda kutoka Mwingi kuelekea Matuu na Thika. Presha ya oili hushuka injini ikiwa moto na inanguruma polepole, usishtuke. Namba kubwa ya joto uliyoiona gari likiwa zima, ongeza nyuzi tano au sita, hapo ndipo uweke king'ora.