Fungu la Mtoto Katika Sinia



Wasomaji wetu waheshimiwa, mwezi huu ukurasa wetu wa nyumba na malezi utazungumza juu ya jambo tulionalo kila siku, na kwa kuwa twaliona kila siku, ni wachache miongoni mwetu wanaolitazama. Jambo lenyewe ni sinia la chakula, na fungu la mtoto mdogo katika sinia hilo.

Sisi watu wa Tabora tumezoea kula pamoja, na ada hii ni kongwe. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa Unyanyembe, na hapa ndipo njia zilipogawanyika, nyingine zikaelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walijigawa vikundi vidogo vidogo, kila kikundi kikawa na moto wake na chungu chake, na baadhi yao walisafiri pamoja na wake zao na watoto wao. Posho ilipimwa kwa kibaba. Kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku ndicho kilichokuwa kipimo cha kawaida. Na kipimo kikijulikana na wote, si rahisi mwenye nguvu kula posho ya mnyonge. Wala tusisahau ya kuwa katika njia hiyo hiyo walipitishwa wanadamu wenzetu wamefungwa minyororo, ambao hawakuwa na kauli juu ya chakula chao wala juu ya nafsi zao.

Njia ile ilituachia mengi jikoni. Wageni waliotoka Oman na Unguja walilima hapa mpunga, ngano na vitunguu, na wenyeji walikuwa na mtama wao, uwele wao, karanga zao na asali yao ya misituni. Miembe iliyopandwa zamani hizo ingali ikitupa kivuli na matunda. Kisha reli ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, ikatuletea dagaa na migebuka ya Ziwa Tanganyika. Hata leo, katika nyumba moja utakuta ugali na mlenda siku za kazi, majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga, michembe na matobolwa ya kuwatuliza watoto kabla ya chakula cha mchana, na pilau siku ya Idi. Alhamdulillahi, neema hizi ni nyingi.

Lakini hebu tuyatazame na haya. Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania nzima mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, watoto 30 wamedumaa. Kudumaa maana yake ni mtoto kuwa mfupi kuliko inavyopasa umri wake, kwa sababu mwili haukupata ulichokihitaji kwa muda mrefu. Na pamoja na mwili, akili nayo hupata hasara, kwani ubongo hujengwa zaidi katika tumbo la mama na katika miaka miwili ya kwanza. Sababu zake si moja. Yako maradhi ya kuhara, yako maji machafu, iko lishe haba ya mama mwenye mimba. Mimi sidai ya kuwa sinia peke yake ndilo lenye kosa. Hata hivyo, mtoto aweza kukosa lishe katika nyumba yenye chakula, na hapo ndipo yatupasa kuliangalia sinia.

Mtazame mtoto wa miaka miwili aliyeketi pamoja na ndugu zake wanne. Ugali ungali moto, naye vidole vyake haviwezi kustahimili. Kabla hajamaliza kufinyanga tonge moja, kaka yake amekwisha meza matatu. Ugali unapopoa hata akaweza kuushika, mboga imekwisha na dagaa wamekwisha, umebaki mchuzi wa kuchovya. Anakula ugali mtupu, tumbo linajaa, anajilamba vidole, na mzazi anasema, “Ameshiba.” Kweli ameshiba, lakini hakupata cha kumjenga mwili. Na mambo yakiwa hivi siku baada ya siku, wala hapana aliyekusudia kumdhulumu, mtoto hudhulumika vivyo hivyo.

Dini yetu haikuliacha jambo hili bila ya mwongozo. Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya Umar bin Abi Salama, mtoto wa Bibi Umm Salama, aliyelelewa katika nyumba ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Alipokuwa mdogo, mkono wake ulikuwa ukizunguka huku na huku katika chombo cha chakula. Mtume alimfundisha kwa upole mambo matatu: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho karibu naye.

Mambo haya matatu twayafundisha chuoni watoto wangali wadogo sana. Lakini kwa miaka mingi ya kufundisha nimeona ya kuwa mawili ya mwanzo hushikwa upesi, na la tatu huchukuliwa kama pambo la adabu tu, ili mtu asionekane mlafi mbele ya wageni. Kumbe ndani yake mna haki kubwa. Mwenye mkono mrefu akizuiliwa kula cha mbele ya mwenzake, mwenye mkono mfupi hubakiwa na chake. Kwa hiyo mzazi anaposema, “Kula cha mbele yako,” na ajue ya kuwa anamhifadhia mdogo fungu lake, tena anamfundisha mkubwa uadilifu kabla hajaweza kulitamka neno lenyewe.

Basi tufanyeje? Kwanza, kitoweo kigawanywe mapema. Nyama au dagaa wasirundikwe katikati wakashindaniwa. Kila mtoto awekewe chake upande wake. Katika nyumba zetu nyingi baba hula barazani pamoja na wageni, na mama hula ndani pamoja na watoto. Basi fungu la watoto litengwe kabla sinia la barazani halijatoka jikoni, wala watoto wasingojee masalio. Kumkirimu mgeni ni wajibu wetu, lakini ukarimu usilipwe na mtoto mchanga. Na wewe baba, firigisi haikuandikwa jina lako. Siku moja ikate, uwape wanao.

Pili, mtoto ambaye hajaweza kula upesi awe na kibakuli chake. Wako wazee watakaosema ya kuwa huko ni kumtenga mtoto na kuiga ada za wengine. La, sivyo. Kibakuli kiwekwe juu ya mkeka ule ule, ubavuni mwa sinia, na mama au dada mkubwa amlishe kwa subira. Mtoto atakula pamoja na nduguze, na mama atajua kwa macho yake amekula kiasi gani. Akikua na mkono wake ukapata wepesi, ataingia siniani.

Tatu, tufuate umri wake. Miezi 6 ya mwanzo maziwa ya mama yanamtosha, hata maji hahitaji. Baada ya hapo aanzishiwe vyakula laini, huku akiendelea kunyonya; na Qurani Tukufu, katika Suratul Baqara, imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo hula kidogo kidogo mara nyingi: mara 2 au 3 kwa siku tangu miezi 6 hata 8, kisha mara 3 au 4, na kitu kidogo katikati. Uji wake uwe mzito, utiwe karanga zilizosagwa au dagaa waliotwangwa. Embe bivu lipondwe. Yai lichemshwe hata liive sawasawa. Zipo nyumba zinazomkataza mtoto mayai kwa hofu zisizo na asili katika sheria. Hofu hizo tuziache. Lakini karanga na mahindi yaliyoota ukungu yasiingie chunguni kabisa, maana yana sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Nne, nina neno juu ya asali, khasa kwa sisi wa Tabora ambao asali ndiyo fahari yetu. Mwenyezi Mungu ametaja katika Suratun Nahl ya kuwa ndani yake mna ponyo kwa watu, nasi twaamini. Lakini mtoto aliye chini ya miezi 12 asipewe, hata ya kulambishwa. Madaktari wamegundua ya kuwa asali yaweza kuwa na mbegu za vijidudu ambazo tumbo la mkubwa huzishinda, ila katika utumbo wa mtoto mchanga huota na kutoa sumu inayolegeza mishipa na misuli, hata pumzi ikawa taabu. Kuichemsha nyumbani hakuziui mbegu hizo. Wazazi wanaowafanyia watoto wao tahniki kwa asali na wakumbuke ya kuwa Sunna yenyewe ilikuja kwa tende. Itumike tende iliyolainishwa vema, kwa mikono safi, na asali ingoje mwaka utimie.

Enyi vijana wa kiume na wa kike mnaosoma ukurasa huu, msidhani ya kuwa maneno haya ni ya wazazi peke yao. Ninyi ndio wenye mikono mirefu katika sinia. Mkiwaachia wadogo zenu kilicho chao, mmeshika mwongozo wa Mtume wenu mara tatu kwa siku. Na mtu aliyezoea tangu utotoni kutogusa fungu la asiyeweza kujitetea, kesho akikabidhiwa mali ya yatima, au duka la watu, au kazi ya umma, atakuwa na mazoea mema ya kumsaidia.

Jioni ya leo, sinia litakapowekwa na Bismillahi kutajwa, mwangalieni kwanza aliye mdogo kuliko wote, mwone mbele yake pana nini.

Mwenyezi Mungu atujaalie wenye kuwafanyia watoto wetu uadilifu, na azitie baraka nyumba zetu na vyakula vyetu. Amin. Inshaallah tutakutana tena mwezi ujao.

Wassalaam alaykum.