Majarida ya Malori ya Zamani: Watu Wako Wapi?

Majarida ya malori ya zamani si chakula cha kawaida cha kitivo cha lugha. Sisi husoma riwaya, huchambua mashairi, hubishana juu ya ngeli. Hata hivyo, katika sanduku la mwisho la vitabu vya msaada lililofika katika chumba chetu cha kusomea, chini ya kamusi na vitabu vya sarufi, lilikuwamo rundo zima la majarida hayo, mengine ya Kifaransa na mengine ya Kiingereza. Tangu siku hiyo yamekaa sakafuni karibu na dirisha. Sasa nasikia pendekezo kwamba wapewe akina mama wa sokoni wafungie karanga, kwa sababu eti hayo si maandishi. Mimi nimeyasoma yote, toleo baada ya toleo, na pendekezo hilo nalipinga. Lakini sitayatetea kwa sifa ambazo hayana.

Kwanza niseme ni vitu gani. Wafaransa wana Charge Utile, jarida la malori, mabasi na mashine za ujenzi za zamani. Waingereza wamekuwa na majarida kama Vintage Roadscene na Heritage Commercials. Wasomaji wake wanapenda malori ya kale kama wengine wanavyopenda mpira: madereva waliostaafu, mafundi, watoto wa wenye kampuni za usafirishaji, na hata watu ambao hawajaendesha lori siku moja maishani, ila waliliona likipita mbele ya shule yao walipokuwa na miaka saba. Msidhani ni watu watatu. Huko Uingereza chama chao cha kuhifadhi magari ya kazi kilianzishwa mwaka 1958, na mwaka 1962 kilianza safari yake ya mwezi wa Mei, kutoka London hadi mji wa pwani wa Brighton, kila mtu na gari alilolifufua kwa mikono yake.

Watu hao wana maoni makali juu ya majarida yao, na nadhani hapo ndipo pa kuanzia. Ukisoma ukurasa wa barua utakuta wamegawanyika karibu katika kila jambo.

Ugomvi mkubwa ni wa rangi. Kundi moja linataka lori la jarida ling'ae, chuma chake kisafishwe hadi msumari wa mwisho, rangi ipakwe upya, herufi za dhahabu zichorwe mlangoni. Kundi la pili linasema huo ni uongo. Lori lilikuwa safi namna hiyo siku lilipotoka kiwandani. Kesho yake lilibeba makaa ya mawe au mbolea, na halikung'aa tena mpaka lilipokufa. Hao wanataka michubuko, kutu, jina la kampuni lililofifia. Mhariri anasimama katikati, maana lori linalong'aa ndilo linalouza jalada, na jarida lisilouzwa halina ukurasa wa barua.

Mimi niko na kundi la pili, na sababu yangu ni ya kilugha. Mlango wa lori la zamani la Kiingereza ni maandishi: una jina la mwenye gari, mji wake, mara nyingi na nambari ya simu. Mtu anayelinunua lori hilo leo, akalipaka rangi aipendayo na kuandika jina lake mwenyewe, ametengeneza gari na ameondoa maandishi. Baadhi ya wapenzi wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana wanaandika barua za hasira.

Kuna ugomvi wa tarehe pia, yaani kama lori la miaka ya 1980 linastahili kuitwa la zamani. Huo unanichosha. Hapa kwetu lori la miaka ya 1980 likipata injini nzuri linaitwa jipya.

Ugomvi unaonipendeza zaidi ni ule wa nani anastahili kurasa. Wafaransa hawachoki na Berliet T100, jitu la mwaka 1957 lililoundwa kwa ajili ya kazi za mafuta katika jangwa la Sahara, lenye injini ya nguvu za farasi 600. Ni gari la kushangaza kweli. Lakini yaliundwa manne tu! Lori lililobeba saruji, mbao na mvinyo wa Wafaransa baada ya Vita vya Pili vya Dunia lilikuwa Berliet ya kawaida, GLR, ambayo kila mzee wa Lyon anaikumbuka kwa mlio wake. Wasomaji wanaolalamika kwamba la kwanza limepigwa picha mno na la pili limesahauliwa wana haki. Sisi wa fasihi tunalifahamu tatizo hilo. Katika masimulizi tunajua jina la mfalme na jina la farasi wake, ila jina la mchukuzi hatulijui.

Nitoe mfano wa kinyume, maana hayo majarida yanapofanya kazi yake, yanaifanya vizuri. Hadithi ya ERF nimeikuta zaidi ya mara moja na sikuchoka. Edwin Richard Foden alitoka katika kampuni ya ukoo wake, iliyokuwa imejijengea jina kwa malori ya mvuke, kwa sababu aliamini kwamba wakati wa mvuke umekwisha na wakati wa dizeli umefika. Mwaka 1933, katika mji wa Sandbach, lori lake la kwanza lilitoka likiwa na injini ya Gardner. Lilipewa nambari 63, umri wake mwenyewe mwaka huo. Hapo chuma na mtu wamesimuliwa pamoja. Unaelewa kwa nini injini ile na si nyingine, na unaelewa pia mzee wa miaka 63 anayegombana na jamaa zake juu ya moto na maji.

Sasa nifike kwenye barua zenyewe, kwa sababu mimi huanza kusoma nyuma ya jarida kama watu wanaoanza na matangazo ya vifo. Mwezi mmoja jarida linachapisha picha ya lori mbele ya ghala. Mwezi unaofuata barua zinakuja. Wa kwanza anasema hiyo si AEC, ni Leyland, tazameni radieta. Wa pili anasema mwaka uliotajwa hauwezekani. Wa tatu, na huyu ndiye ninayemtafuta, anasema: yule mwenye kofia aliyesimama kando ya gurudumu ni baba yangu. Kisha anaeleza baba yake alilipwaje, alilala wapi njiani, alifungaje mzigo. Ni katika barua kama hizo nilipojifunza kwamba hadi mwaka 1957 lori zito la Kiingereza liliruhusiwa kwenda maili 20 tu kwa saa, yaani kama kilomita 32, na kwamba dereva aliyetii sheria hiyo usiku kucha alipigana na usingizi kuliko alivyopigana na njia. Katika barua hizo pia nimekuta maelezo ya kufunika mzigo kwa turubai na kuukaza kwa kamba: fundo gani, mkono upi, uvute kutoka upande gani wa upepo. Ujuzi huo kwao umetoweka tangu mikanda ya kukazia ilipokuja. Umebaki katika kurasa hizo pamoja na majina ya mafundo yake.

Basi lawama yangu ni hii. Afrika imo katika majarida hayo. Malori ya Berliet yanapita jangwani, ya Bedford yanavuka matope, ya Mercedes yamejaa magunia na watu juu ya magunia. Katika picha nilizoziona kwenye rundo letu, maelezo yanataja kiwanda, mwaka, injini, na idadi ya magurudumu yanayoendeshwa. Watu wanaosimama kando hawatajwi. Mwezi unaofuata hakuna barua inayosema yule ni baba yangu. Wapenzi wanaoweza kugombana kurasa mbili juu ya mahali taa ilipofungwa hawaulizi nani alikuwa usukanini. Sidhani ni chuki. Mtoto wa yule mtu hajaliona jarida, basi, na sisi tulioliona tunataka kulifungia karanga.

Nilichukua matoleo matatu nikayapeleka Kadutu, kwa fundi mmoja mzee ambaye aliendesha malori miaka mingi kabla ya kufungua karakana yake. Alifungua jalada lenye lori la Kiingereza linalong'aa, akatazama kwa muda.

“Motokari hii inabeba nini?”

“Haibebi kitu, Papa. Ni ya maonyesho.”

“Basi ni bibi-arusi,” akasema, akageuza ukurasa.

Alisimama penye Mercedes yenye pua fupi, zile zilizoanza kutoka mwaka 1959 na ambazo barabara zetu zilizijua sana. Hapo akaanza kusema bila kuulizwa. Aliweka kidole juu ya kila sehemu akaitaja, akaeleza inavyochoka, inavyolia kabla ya kukatika, na unavyoitengeneza ukiwa mbali na mji. Alieleza mteremko wa Ngomo, kwenye njia ya kwenda Kamanyola na Uvira: unashuka kwa gia ya kwanza, breki unaigusa tu, na msaidizi wako anasimama kwenye ngazi ya mlango akiwa na gogo la mbao mkononi, tayari kuruka na kulitupa chini ya gurudumu la nyuma. Kwa saa moja niliandika maneno kurasa nne.

Gia kwake ni vitesi. Dereva ni shofere, msaidizi ni boyi-shofere, yule ambaye Tanzania wanamwita utingo na Kenya taniboi. Na lile gogo ni kale. Mgeni akimsikia akipiga kelele “Weka kale!” angedhani anazungumzia historia, kumbe ni neno la Kifaransa lililoingia karakanani na kuvaa sauti ya neno letu. Ukipanda meli Uvira ukashuka Kigoma, vitesi inakuwa gia, na shofere anakuwa dereva, ingawa lori ni lilelile na pengine mtu ni yuleyule. Nilifungua kamusi nikakuta gia na breki, lakini kale ya fundi wangu haimo. Kuna pia fuso, ambayo ilikuwa jina la kiwanda cha Kijapani na sasa ni jina la lori lolote la ukubwa wa kati, hata likiwa Isuzu. Mwalimu wa mofolojia angeweza kuishi juu ya neno hilo muhula mzima.

Mwenzangu mmoja, asistenti ninayemheshimu, amenipinga kwa hoja nzito. Anasema huko Ulaya lori la zamani ni burudani ya mtu mwenye gereji na Jumapili tupu. Hapa lori la zamani ni breki zisizoshika, ni watu waliokaa juu ya magunia wakamwagika bondeni. Kulipenda lori kama hilo ni anasa, na kulisifu ni karibu na dhambi. Sina jibu la kuifuta hoja hiyo, wala sitaki kuifuta. Nasema tu kwamba fundi wa Kadutu hakulisifu lori hata mara moja. Alieleza jinsi linavyoua na jinsi ya kulizuia lisiue, na ujuzi huo umo ndani ya maneno yake. Akifa, vijana wa karakana watabaki na lori bila maelezo. Tena, wapenzi wa Ulaya wanaotaka lori lionyeshwe kazini, na mzigo wake na hatari zake, wangekubaliana na mwenzangu kuliko anavyodhani.

Kwa hiyo naomba majarida yabaki, na si kabatini tu. Tuna wanafunzi wanaotafuta mada za kazi ya kumaliza masomo, na kila mwaka tunapata tena methali zilezile. Mmoja achukue matoleo matano aende nayo karakana za Kadutu, mwingine aende Uvira kwa madereva wa njia ya Baraka. Picha inafungua mdomo wa mzee haraka kuliko orodha ya maswali, na mzee anayesahihisha picha ya mgeni hazungumzi kama mtu anayehojiwa. Jarida letu hili nalo linaweza kutoa ukurasa mmoja kwa kila toleo, tuweke maneno hayo na majina ya watu waliotupa, wakiridhia.

Mimi nimekwisha kuanza kwa kuandika barua, kwa Kifaransa, kwa mhariri wa mojawapo ya majarida yale. Inahusu picha ya lori lililosimama mlimani, ambayo maelezo yake yanasema gari limepumzika. Fundi anasema halikupumzika: springi za nyuma zimeongezwa jani, mzigo umelalia upande mmoja, na chini ya gurudumu kuna jiwe. Limekatika breki. Nilipomsomea barua kwa Kiswahili alisikiliza hadi mwisho, akaniomba niongeze swali moja kabla ya kuituma: huyu kijana anayechuchumaa karibu na gurudumu, mwenye kale mkononi, anaitwa nani?