Anayetaka Kusikia

Jumapili. Kigali ilikuwa na asubuhi yake ya barabara bila magari. Watu walikimbia, wengine walijinyoosha pembeni, na kwenye vilima hivi vyetu kila mmoja alizisikia pumzi zake mwenyewe. Kwa anayejifunza taamuli, hapo ndipo pa kuanzia.

Jumatatu, kabla hakujapambazuka. Baada ya kukaa kimya, nimesikiliza tena A Love Supreme, albamu ya mpiga saksofoni wa jazi John Coltrane. Ilirekodiwa New Jersey tarehe 9 Desemba 1964. Mwaka 1957 Coltrane alikuwa ameachana na heroini na, kwa maelezo yake mwenyewe, akazinduka kiroho. Sehemu ya nne ya albamu ndiyo inayonitetemesha. Aliandika dua, kisha akaisoma kwa saksofoni, silabi baada ya silabi, pasipo kutamka neno. Nimehudhuria ibada nyingi. Ni chache zilizonifikisha hapo.

Jumatano. Mjane wa Coltrane, Alice, aliifuata njia hiyo ya kiroho hadi India, na baadaye akaanzisha ashram, makazi ya ibada, huko California, ambako muziki ulikuwa ndiyo sala yenyewe. Kila nikikisikia kinubi chake naikumbuka inanga, ala yetu ya nyuzi: ubao uliochongwa shimo la kina kifupi, na kamba moja inayopita juu yake ikienda na kurudi mpaka ikawa nyuzi kadhaa. Mpigaji wake Sophie Nzayisenga aliirithi kwa baba yake, Kirusu, katika fani iliyohesabiwa kuwa ya wanaume. Sauti ya inanga ni ndogo. Haishindani na gumzo, kwa hiyo anayetaka kuisikia hana budi kunyamaza kwanza. Vijana wetu wanaotafuta utulivu kwenye programu za simu wangeanzia hapa, naamini hivyo kwa dhati.

Ijumaa. Kwa miaka kadhaa tamasha la Kigali Jazz Junction lilifanyika Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mara nyingi usiku wa kuamkia umuganda, kazi yetu ya pamoja ya kijamii. Umetoka kusikiliza jazi, kukicha umeshika jembe pamoja na jirani. Naupenda sana mfuatano huo. Ombi langu kwa yeyote anayeandaa jazi mjini humu: mpeni mpiga inanga nusu saa ya kwanza, peke yake, ngoma na besi zikisubiri, na wahudumu wasipitishe vinywaji mpaka amalize.