UGOMVI WA NYUMBA HUMLETA MGENI



Ndugu zangu katika imani, tarehe 25 Januari 1964 helikopta ziliruka kutoka HMS Centaur, manowari ya Uingereza ya kubebea ndege, ikiwa kwenye bahari yetu hii ya Dar es Salaam. Zikashusha makomandoo kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Uhuru ulikuwa na miaka miwili tu!

Nani aliwaita? Serikali yetu wenyewe. Askari waliasi tarehe 20, wakidai mshahara bora na maafisa Waafrika. Mjini maduka yakaporwa, watu wakafa. Mwalimu Nyerere akalazimika kumwomba mkoloni wa jana, jambo aliloliona ni aibu.

Madai yalikuwa na haki ndani yake. Njia ndiyo ilikuwa fitna.

Tajiri wa Kariakoo, mlipe kijana wako kabla jasho lake halijakauka, kama alivyotufundisha Mtume (S.A.W). Kijana, dai haki yako, lakini usimdhulumu asiyekukosea. Kamati za misikiti, kaeni shura kabla ya kukimbilia polisi. Msiposuluhishana, atakuja wa nje kuwaamulia.

Allah atuunganishe nyoyo. Aamin.