Mlima Kenya: Anayetunza msitu ana fungu gani?

KILA msimu wa mvua unapowadia, wakazi wa Meru na Embu huitwa kupanda miche katika msitu wa Mlima Kenya. Viongozi huhutubu na idadi ya miche hutangazwa kwa mbwembwe. Ni nadra kuulizwa iwapo aliyeipanda atakuwa na fungu lolote miti hiyo ikikomaa.

Swali hilo lina uzito. Mto Rupingazi wa Embu hupeleka maji yake hadi bwawa la Kamburu, ambalo ni miongoni mwa mabwawa yanayozalisha umeme wa taifa. Mto Kathita wa Meru huingia Mto Tana mbele zaidi, kuelekea Bahari Hindi. Msitu ukiangamia mlimani, hasara haikomei kwa majirani zake.

Athari za uharibifu zimewahi kushuhudiwa. Uchunguzi wa angani uliofanywa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) mwaka wa 1999 ulifichua ukataji wa miti ya asili, uchomaji makaa na mashamba ya bangi. Katika Imenti ya Chini, sehemu kubwa ya msitu ilikuwa imegeuzwa mashamba.

Sheria ya Misitu ya 2005, ambayo mahali pake pamechukuliwa na ile ya 2016, ilileta mwelekeo mpya. Vyama vya jamii viliruhusiwa kutia saini mikataba na Shirika la Huduma za Misitu (KFS), ili wanachama wasaidie kulinda msitu nao waokote kuni, wakate nyasi, walishe mifugo na kuvuna asali.

Hata hivyo, manufaa yanayovutia wengi zaidi ni kilimo. Chini ya mpango wa PELIS, mkulima hupewa kipande cha ardhi ambako miti ya mbao imevunwa. Hupanda viazi na maharagwe huku akipalilia miche ya serikali. Baada ya miaka mitatu hivi, kivuli kinapotanda, hulazimika kuondoka.

Hapo ndipo penye kasoro. Mkulima hunufaika mti ukiwa mchanga, na manufaa hayo hukatika mti unaponawiri. Mpango wa aina hiyo humtaka atunze kwa bidii kitu kitakachomnyima riziki.

Nje ya msitu, hali ni tofauti. Tangu 2004, wakulima wadogo wa eneo la Mlima Kenya wamejiunga na mpango wa TIST, ulioanzia Tanzania mwaka wa 1999. Hupanda miti katika mashamba yao wenyewe, na hulipwa kwa hewa ya kaboni inayohifadhiwa na miti iliyo hai. Malipo kwa kila mti ni madogo mno, lakini mti uliosimama una thamani kuliko uliokatwa.

Huenda ikadaiwa kwamba hilo haliwezekani katika msitu wa serikali. Mfano wa Gazi, katika Kaunti ya Kwale, unapinga dai hilo. Mikoko ya huko ni mali ya umma, lakini tangu 2013 wakazi wameuza hewa ya kaboni ya hekta 117 kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, na mapato yakagharimia maji na shule.

Isitoshe, marekebisho ya 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yanaagiza kwamba miradi ya kaboni katika ardhi ya umma au ya jamii, inayohusu matumizi ya ardhi, iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka baada ya gharama kuondolewa.

Bei ya kaboni hupanda na kushuka, na fedha za vyama zinaweza kuishia mifukoni mwa wachache zisipokaguliwa. Kwa hivyo kaboni pekee haitoshi. Lakini serikali, inayolenga kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, haina budi kuandika katika mikataba yake na vyama vya Meru na Embu fungu la mtunzaji katika mti uliokomaa. Bila hilo, miche itaendelea kuhesabiwa siku ya kupandwa, bila yeyote kurudi kuhesabu iliyopona.