Injinia Sengier na Mawe ya Shinkolobwe

Apitaye Kingamyambo, karibu na Kolwezi, huona mchanga mwingi uliosagwa laini. Ndiyo mabaki ya mawe ya shaba yaliyotupwa huko zamani, na tangu mwaka 2018 kampuni ya Metalkol inayasafisha tena ipate shaba na kobalti. Si ajabu basi wanafunzi wetu kutamani uinjinia, maana machoni pao injinia ni mtu ajuaye kutoa mali hata katika takataka. Tamaa hiyo ni njema. Lakini leo twataka wamfahamu injinia mmoja ambaye habari zake zatudai fikira kuliko sifa.

Edgar Sengier alizaliwa mwaka 1879 mjini Kortrijk, Ubelgiji, akasomea uinjinia wa migodi katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, akahitimu mwaka 1903. Mwaka 1911, ndio ule ambao shaba ya kwanza iliyeyushwa Lubumbashi, akaingia katika kazi ya Union Minière, akapanda cheo hata akawa mkuu wake.

Karibu na Likasi pana mahali paitwapo Shinkolobwe, ambapo mwaka 1915 yalionekana mawe mazito ya urani. Wakati ule yalitafutwa kwa ajili ya radiamu, dawa ya kansa. Urani yenyewe haikuwa na kazi kubwa. Tena mawe mengine ya huko yalikuwa na urani kufika sehemu 65 kwa mia, hali machimbo mengi ya nchi nyingine hayafiki hata moja kwa mia.

Mwezi wa Mei 1939 mtaalamu Mwingereza, Sir Henry Tizard, alimwonya Sengier kwamba mawe yale yakiangukia mikononi mwa adui, msiba utakuwa mkubwa. Neno hilo hakulisahau. Mwaka 1940, Wajerumani walipokwisha kuiteka Ubelgiji, akaamuru tani zipatazo 1,200 zipelekwe New York, zikawekwa ghalani Staten Island. Akawaarifu wakubwa wa Marekani, wasijali. Ndipo Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols alipofika ofisini kwake, na kwa muda mfupi wakapatana bei.

Urani ya Shinkolobwe ilikuwa sehemu kubwa ya ile iliyotumika kutengeneza mabomu ya atomi. Tarehe 6 Agosti 1945 Hiroshima ikateketea. Tarehe 9 Nagasaki, na humo kanisa kuu la Urakami pamoja na waamini waliokuwa wakiungama kabla ya sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni.

Je, Sengier alikosa? Roho ya mtu aijua Mungu. Kumnyima Hitler mawe yale ilikuwa busara, nasi twamsifu. Lakini alikwisha kuonywa yaweza kufanya nini, akauza. Mwaka 1946 Marekani ikampa nishani, na jiwe la kijani lenye urani na shaba likaitwa sengierite. Wachimbaji wa Shinkolobwe hawakuambiwa mzigo wao waenda kufanya kazi gani, wala hakuna jiwe liitwalo kwa majina yao.

Aprili 1963 Papa Yohane XXIII alitoa barua Pacem in Terris, akidai silaha za atomi zipigwe marufuku. Julai ya mwaka huo Sengier akafa mjini Cannes, Ufaransa. Shinkolobwe ilifungwa kwa amri ya serikali mwaka 2004. Miezi michache baadaye mgodi ukaporomoka, ukawaua watu waliokuwa wakichimba kobalti humo kwa mikono.